Hodi Mlangoni mwa Kiini



Ndugu msomaji, katika kikao cha mwisho cha muhula uliopita liliwekwa mezani pendekezo ambalo bado halijapigiwa kura. Linasema wanafunzi wa mwaka wa kwanza walio katika chama chetu wawe wakikabidhi simu zao kila Ijumaa baada ya Swala ya Alasiri, ili ndugu wawili walioteuliwa wazipekue na kuona nini kimeingia na nini kimetoka. Waliolileta ni watu wa kheri. Wameumizwa na jambo lililotokea kwetu, nami nitalifikia. Lakini chini ya pendekezo hilo kuna swali kubwa kuliko simu: mtu anapokuwa mwema, wema wake unakaa wapi? Unakaa mlangoni, au ndani ya nyumba?

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu na sina elimu ya kujivunia katika biolojia. Ila nakaa chumba kimoja na ndugu anayesoma sayansi ya maabara, na usiku wa kuamkia mitihani yeye husoma kwa sauti, kama mtoto wa madrasa anayehifadhi juzuu. Kwa njia hiyo nilizisikia habari za malango ya kiini cha seli mara nyingi, hadi nikaanza kumuuliza maswali, kisha nikaazima vitabu vyake. Humo nimekuta jambo linaloligusa swali letu moja kwa moja. Nivumilie kidogo nilieleze kabla ya kurudi kwenye simu.

Karibu kila seli ya mwili wako, ukiacha chache kama chembe nyekundu za damu, ina chumba cha ndani kinachoitwa kiini. Humo ndimo ilimowekwa DNA, uzi ambao ukinyooshwa wote hufika kama mita 2, nao umekunjwa ndani ya kitu chenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita, au pungufu. Nje ya kiini kuna sitoplazimu, ule ute wenye pilikapilika zote: humo protini hutengenezwa, chakula huvunjwa, nguvu hupatikana. Kati ya pande hizo mbili kuna ukuta wa tando mbili.

Tazama tatizo lilivyo. Maagizo yako ndani na viwanda viko nje. Nakala za maagizo, zinazoitwa RNA, lazima zitoke. Na protini zinazoifungasha DNA, zinazoisoma na kuitengeneza ikichanika, zinaundwa nje, kwa hiyo lazima ziingie. Ukiufunga ukuta kabisa, seli inakufa. Ukiuacha wazi, hakuna tena ndani wala nje, na RNA ambayo haijakamilika itaanza kusomwa viwandani kama barua iliyopelekwa posta kabla mwandishi hajaimaliza.

Mwaka 1950 watafiti wawili, Callan na Tomlin, waliutazama ukuta huo kwa hadubini ya elektroni katika mayai ya amfibia, wakaona umejaa matundu. Leo tunajua kwamba kila tundu ni lango lililojengwa. Kiini kimoja cha seli ya binadamu huwa na malango kama 2,000 hadi 3,000, na mengine zaidi. Lango moja lina protini za aina kama 30, zimepangwa katika pande 8 zinazofanana, na vipande vyote kwa pamoja hufikia kama 1,000. Upana wa jengo zima ni kama nanomita 120, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika sekunde moja vitu vipatavyo 1,000 vinaweza kupita katika lango moja, vinavyoingia na vinavyotoka, bila msongamano. Aliyewahi kukaa katika stendi ya matatu ya Kampala saa kumi na moja jioni aseme SubhanAllah.

Vitu vidogo, kama maji, chumvi na sukari, hupita wenyewe. Kizuizi huanza kwa protini zenye uzito wa kama daltoni 40,000 na kuendelea. Hizi haziwezi kupita peke yake, kwa sababu katikati ya lango kumejaa nyuzi za protini zinazoning'inia. Mwenzangu alizifananisha na lile pazia la shanga ambalo mama zetu hutundika mlangoni, nami sijaona mfano bora. Mgeni mkubwa hukwama katika pazia. Anayepenya ni mchukuzi, protini maalumu inayoweza kuzishika nyuzi na kuziachia kwa wepesi, na mgeni hupita akiwa amebebwa naye.

Mchukuzi anamjuaje wa kumbeba? Mwaka 1984 kikundi cha watafiti wa London kilichapisha jambo ambalo mwenzangu alinieleza kwa kunionyesha vidole saba. Walikuwa wakichunguza protini moja kubwa ya kirusi cha tumbili kiitwacho SV40. Ikishaundwa nje, protini hiyo huelekea ndani ya kiini. Waligundua kwamba hupata ruhusa kwa sababu ya kipande kifupi, asidi amino 7 tu katika mlolongo wa mamia. Walipobadilisha moja tu kati ya hizo, protini nzima ikabaki nje. Kisha wakakichukua kipande kile wakakiunga kwenye protini nyingine isiyo na shughuli yoyote ndani ya kiini, nayo ikaingia.

Nikamwambia: hiyo ni hodi.

Kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, mtoto hufundishwa hodi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Unasimama kando ya mlango, usiukabili uso kwa uso. Unatoa salamu na kupiga hodi, mara tatu. Usipojibiwa, unaondoka, na huna haki ya kununa. Nilipokuja kusoma fiqhi ndipo nikajua kwamba adabu ile ya mitaani ina mizizi katika Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, zinazotukataza kuingia nyumba zisizo zetu hadi tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na zinazotuamuru turudi tukiambiwa turudi. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inakwenda mbali zaidi. Hata watoto na wahudumu wa nyumba yako wanatakiwa kuomba ruhusa katika nyakati tatu za faragha. Na katika hadithi sahihi, mtu mmoja alichungulia kupitia tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), naye Mtume akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Nataka msomaji aishike hiyo. Kilicholindwa ni zaidi ya mwili wa mtu kuvuka kizingiti. Macho nayo huingia nyumba za watu.

Kufikia hapo ningeweza kuandika makala nyepesi: seli ina mlango, nasi tuwe na mlango, basi ndugu wawili wapekue simu. Yaliyofuata katika kitabu ndiyo yaliyonizuia.

Lango la kiini halijui upande. Halijui kama linaangalia ndani au nje, wala halina bawabu anayeamua huyu aingie na yule atoke. Uelekeo unatokana na kitu kingine, protini ndogo iitwayo Ran. Ran huwa katika hali mbili. Ikibeba GTP ni kama betri iliyochajiwa. Ikibeba GDP ni betri iliyokwisha. Ndani ya kiini, ikiwa imekaa juu ya DNA na protini zinazoifungasha, kuna protini ambayo kazi yake ni kumpa Ran betri mpya. Nje, katika sitoplazimu, kuna nyingine inayomfanya Ran aitumie betri hiyo. Matokeo yake, Ran mwenye chaji amejaa ndani, na asiye na chaji amejaa nje.

Basi mchukuzi wa kuingiza anayeitwa impotini hufika ndani na mzigo wake, hukutana na Ran mwenye chaji, na kukutana huko ndiko kunakomfanya auachie mzigo. Mchukuzi wa kutoa, eksipotini, mambo yake ni kinyume: hawezi kuushika mzigo mpaka Ran mwenye chaji aungane nao. Wakifika nje chaji inatumika, na wote watatu wanaachana. Kila anayepita anajua amefika wapi kwa kile anachokikuta upande ule.

Mwaka 1999, huko California, Maxence Nachury na Karsten Weis waliligeuza jambo hili makusudi. Waliongeza kwa wingi Ran mwenye chaji upande wa nje. Malango yalikuwa yale yale na pazia lile lile. Mizigo ambayo kawaida yake ni kutolewa nje ikaanza kuingia ndani, tena kwa kasi. Hakuna lango lililovunjwa katika jaribio lile.

Kuna jingine. Seli ya binadamu inapogawanyika, ukuta wa kiini husambaratishwa wote na malango yake hufumuliwa. Kwa muda wa kama saa moja hakuna ndani wala nje. Lakini Ran mwenye chaji anabaki amejazana kandokando ya DNA, kwa kuwa anayempa chaji amekaa pale pale. Kwa ishara hiyo seli inajua DNA iko wapi, na kwa ishara hiyo hiyo malango na ukuta hujengwa upya kuizunguka. Nilimwomba mwenzangu anisomee mara mbili, nikidhani nimekosea kusikia. Nilikuwa nikiamini kwamba ndani huwa ndani kwa sababu ya ukuta. Kumbe ukuta ndio unaojengwa mahali pale kwa sababu ya kilichomo.

Na hali hiyo ina gharama. Kila Ran anayevuka ametumia betri moja. Seli ikiacha kulipa, chaji inalingana pande zote mbili, malango yanabaki yamesimama vilevile, na usafirishaji unapoteza maana.

Hapa lazima niseme mambo mawili kabla ndugu fulani hajanitangulia. La kwanza, tusije tukasema kwamba Surat An-Nur ilitabiri malango ya seli. Aya zile zilishuka kuhusu nyumba na watu wanaoziingia, na maana yake imetimia hapo. Imam Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria, alikwishawapinga wanaotaka kuitoa kila elimu ya dunia ndani ya Qur'ani. Isitoshe, wanasayansi wenyewe wanabishana hadi leo namna zile nyuzi za langoni zinavyochuja. Ukiifunga aya kwenye nadharia, siku nadharia ikibadilishwa utakuwa umemweka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mahali pabaya sana na imani yake.

La pili, seli haina akhlaqi. Malango yale yale hutumika kwa shari. Katika baadhi ya saratani, eksipotini huzidi kiasi na kuzitoa nje ya kiini protini ambazo kazi yake ni kuzuia uvimbe. Dawa iitwayo selinexor, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa saratani ya damu iitwayo mieloma, hufanya kazi kwa kumzuia mchukuzi huyo. Kwa hiyo sisemi tufanye hivi kwa sababu seli inafanya hivi. Amri ninaichukua katika Wahyi. Seli imenisaidia kuona sehemu ya amri ambayo nilikuwa nikiipita haraka, na nadhani hicho ndicho tafakuri hukifanya inapokuwa salama.

Sasa lile lililotuumiza. Ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja chuoni na nusu ya ada. Baba yake ni mkulima, na nusu nyingine ingepatikana baada ya mavuno. Alikuwa mpole, msomaji mzuri wa Qur'ani, na katika wiki zake za mwanzo alikuwa wa kwanza kufika Alfajiri. Tarehe ya mwisho ya malipo ilipokaribia akaanza kubeti mpira kwa simu, akitumaini kuikamilisha ile nusu. Mnaijua hadithi hii. Alishinda mara mbili ndogo, kisha akapoteza hata alichokuwa nacho. Akaacha kuja darsani, akaanza kula peke yake. Baada ya wiki mbili hakuonekana tena, akawa amerudi kwao.

Siku chache baadaye ukaanza kuzunguka ujumbe wa WhatsApp kwamba alikuwa amekula pesa za zaka za chama. Hakuwahi kuzishika pesa hizo, na mweka hazina alisimama msikitini akasema hakuna hata shilingi iliyopungua. Lakini ujumbe ulikuwa umeshafika kijijini kwao. Baba yake alipiga simu kwa imamu wetu kuuliza kama mwanawe ni mwizi.

Pendekezo la kupekua simu lilizaliwa kwenye uchungu huo. Ndugu aliyelileta alisema: kama tungeiona simu yake mapema, tungemwokoa. Sitaki kuikejeli hoja hiyo. Huenda kweli tungeiona ile kamari. Ndugu mwingine aliitia nguvu kwa Imam Ghazali, ambaye katika Ihya, kwenye kitabu cha maajabu ya moyo, anaufananisha moyo na hodhi linalomiminiwa maji na mito, na mito hiyo ni hisi zetu. Mito ikileta tope, hodhi linachafuka. Basi, akasema ndugu yetu, tuizibe mito.

Lakini tumsome Ghazali hadi mwisho wa mfano wake. Anasema hodhi lina njia mbili za kujaa: kwa mito ya juu, au kwa kuchimba chini hadi chemchemi safi ibubujike ndani. Kuziba mito kwake ni kwa ajili ya kuchimba. Na anayeziba ni mwenye hodhi mwenyewe. Hakuna jirani aliyepewa sururu wala ufunguo. Hodhi ambalo watu wengine wameliziba, na chini hakuna aliyechimba, litakauka tu.

Nikirudi kwenye seli, nauliza: kijana yule alipokuja na ile shida yake, alikuta nini ndani? Ndani yetu, ndani ya chama. Matangazo ya kamari yanamfikia kila mmoja wetu. Yanabandikwa barabarani na yanaletwa kwenye simu bila kuombwa. Yalimkuta yeye ana deni na hana wa kumwambia, wakati mwingine yamemkuta ana pesa ya kutosha na rafiki wa kucheka naye. Lango ni lile lile. Tulikuwa tumeswali naye safu moja siku zaidi ya arobaini na hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu ada. Pendekezo linataka kuongeza bawabu mahali ambapo chaji haikuwepo.

Tena bawabu hudanganyika. Katika nchi hii tunayosomea, Uganda, kuna mfano unaopaswa kutufunza. Virusi vya UKIMWI vikiingia kwenye seli hubeba jeni zake ndani ya ganda lenye umbo la pia, lenye upana wa kama nanomita 60. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ganda hilo ni kubwa mno kupita langoni. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba linapita likiwa zima, kwa sababu uso wake unazishika nyuzi za pazia kama vile wachukuzi wanavyozishika. Limejifunza hodi. Ndiyo maana virusi hivyo huweza kuambukiza hata seli isiyogawanyika, wakati baadhi ya jamaa zake hulazimika kungoja ukuta uvunjike. Mwanafunzi mwenye laini mbili na programu ya kuficha programu hatakamatwa na ndugu zetu wawili wa Ijumaa. Atakayekamatwa ni yule mnyoofu aliyesahau kufuta jambo dogo.

Na tiba yenyewe ilikuja kwa njia gani? Dawa ya lenacapavir hukaa katika kijishimo kile kile ambacho ganda hukitumia kuzishika nyuzi, na huliharibu ganda. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Afrika Kusini na hapa Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Waliobuni dawa hawakujaribu kuziba malango ya kiini. Wangeyaziba, seli ingekufa kabla ya kirusi. Simu ya mwanafunzi ndiyo inayoleta maelezo ya mihadhara, pesa za matumizi kutoka nyumbani na sauti ya mama usiku. Ukiifanya kuwa kitu cha kuogopwa, utakuwa umefunga na hivyo vyote.

Kisha kuna upande ambao pendekezo limeugusa kwa neno moja tu, nao ni vinavyotoka. Mimi naona hapo ndipo tulipokosea zaidi kama jumuiya. Kijana alijiumiza kwa kilichoingia. Sisi tulimmaliza kwa kilichotoka.

RNA haitoki kiini ikiwa mbichi. Mwanzo wake huvalishwa kofia, vipande visivyotakiwa hukatwa, mwisho wake huongezwa mkia. Katika kila hatua kuna protini zinazobaki zimeshikamana nayo kama mashahidi kwamba hatua hiyo imepita, na mchukuzi huitambua kwa mashahidi hao. Yenye kasoro huzuiwa na kuvunjwa humo humo ndani, na viwanda vya nje havijui kama iliwahi kuwepo.

Nikisoma hilo namkumbuka Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipobisha kwa Umar (r.a.) mara tatu asijibiwe, akaondoka. Umar alipomuuliza kwa nini ameondoka, akamjibu kwamba hivyo ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyofundisha. Umar akamtaka alete shahidi. Yule ni sahaba, tena anasimulia adabu ya mlango tu! Akaenda kwa Maansari wakamtuma Abu Said al-Khudri, aliyekuwa mdogo wao, akashuhudia. Kwa kawaida tunaisoma hadithi hii kama dalili ya hodi tatu. Sehemu yake ya pili inahusu habari: hata neno la mtu mwaminifu lilisimamishwa mlangoni hadi lipate shahidi. Sisi tulikuwa na ujumbe usio na jina la mwandishi, unaohusu heshima ya Mwislamu, na ulipita katika vikundi vitatu kabla ya Isha. Aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat kila mmoja wetu ameihifadhi.

Na aya ya 12 ya sura hiyo hiyo inakataza kupelelezana. Mtume (s.a.w.) alimweleza Muawiya (r.a.), kama ilivyo katika Sunan ya Abu Daud, kwamba ukifuatilia aibu za watu utawaharibu. Nimeitafakari sana kauli hiyo na naona inaeleza matokeo, kama daktari anavyoeleza. Anayepekuliwa kila Ijumaa atajifunza kuwa msafi siku ya Ijumaa. Tutamfundisha kuweka dini yake kwenye skrini ambayo wengine wanaisoma, na ule mdundo wa ndani, ule aliousema Mtume kuwa ni pande la nyama ambalo likitengemaa mwili wote hutengemaa, tutakuwa tumeuacha bila chaji.

Lipo pia swali la wapekuzi wenyewe, na hapa nawatania wazee wenzangu wa mwaka wa tatu. Seli za neva za ubongo hazigawanyiki, kwa hiyo baadhi ya vipande vya malango yake havibadilishwi maisha yote. Katika panya wazee imeonekana kwamba malango hayo huanza kuvuja, na ndani ya kiini hukutwa protini ambazo mahali pake ni nje. Mlinzi wa muda mrefu asiyekaguliwa naye huvuja. Picha za watu zilizoonwa Ijumaa zitakuwa zimeshahadithiwa bwenini kufika Jumapili.

Wengine watasema nimekosoa bila kujenga. Nimepeleka kwa katibu maombi yangu kwa maandishi, nayo ni ya kawaida kabisa. Fungu la sadaka za Ijumaa liwe mkopo mwema wa ada, kiasi kidogo, kitolewe kwa siri kwa anayekaribia kufungiwa mtihani. Kila mwanafunzi mpya awe na ndugu mmoja, au dada mmoja kwa upande wa dada zetu, wa kumtembelea chumbani kwake, kwa hodi, na kuondoka asipokaribishwa. Na habari inayogusa heshima ya mtu isitumwe na kiongozi yeyote kabla mtu huyo hajakaa mbele yake akasikilizwa. Najua haya ni mazito kuliko kukusanya simu kwenye kapu. Yanataka pesa, miguu na usiku wa watu, kila wiki, bila kuisha.

Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura Jumamosi ya pili baada ya mitihani, inshaAllah, na kila mwanachama ana haki ya kuyasoma kwa katibu kabla ya siku hiyo. Ila liko moja ambalo sikuliweka kwenye kura. Msikiti wa kijiji cha yule ndugu bado haujapata barua yoyote kutoka kwetu inayosema kwamba hakuiba. Nimeshaandika rasimu yake, mweka hazina ameisoma na kutia sahihi. Inahitaji sahihi ya mwenyekiti na nauli ya mtu wa kuipeleka mkononi, akapige hodi nyumbani kwa yule mzee kwanza, kisha msikitini.

Wallahu aalam.